Nimedunduliza tailizi za sebule miezi mitano, hivi ndo ilivyokuwa

Jamani kama unakarabati nyumba mdogo mdogo kama mimi, naomba usome hii kabla hujanunua tailizi. Nilihamia kwangu huku Kimara sakafu ikiwa ya simenti tupu, mkopo sitaki, natumia mshahara huu huu, kwahiyo kila nikipata nafanya kipande.

Chumba cha kulala niliumia. Nilinunua boksi tatu kwenye duka moja, mwezi uliofuata nikarudi nikachukua tatu zingine, jina lile lile, picha ile ile kwenye boksi, fundi alivyomaliza kupanga ndo tukaona nusu ya chumba krimu nusu nyeupe. Kumbe kiwandani zinachomwa kwa awamu na kila awamu ina namba yake ya bechi imepigwa pembeni ya boksi, namba zikipishana rangi nayo inaweza kupishana, hata saizi. Pale dukani hakuna aliyeniambia. Iliniuma sana maana ile hela niliitafuta.

Ndo maana sebule nikaenda hadiwea nyingine wanaokubali dunduliza. Unachagua mzigo, unatanguliza kiasi, wanakuandikia kwenye daftari na kukupa karatasi yako, boksi zinatengwa stoo na bei inabaki ya siku ile ile. Sebule yangu ni mita 4 kwa 5, yani 20 za mraba, boksi la tailizi za sentimita 60 kwa 60 lina vipande vinne ambavyo ni mita za mraba 1.44, ukiongeza asilimia 10 ya kukatwa na kuvunjika zinakuja boksi 16. Kwa 38,000 kila boksi ni 608,000. Nilianza na 200,000, halafu laki laki miezi mitatu, mwisho 108,000. Sikukopa mtu na watoto walikula vizuri miezi yote hiyo.

Kilichofanya niwaamini ni simenti. Nilitaka niunganishe na mifuko sita humo humo, dada wa kaunta akanikatalia, akasema kaka simenti njoo uchukue wiki ile fundi anaanza, ikikaa stoo inashika unyevu inaanza kuganda. Mtu anakataa hela yako kwa faida yako, wangapi wanafanya hivyo?

Ila kuna hili. Mwezi wa tatu nilipita kuangalia mzigo nikakuta boksi nne zangu zimeuzwa, wameweka zingine za bechi tofauti. Bahati siku ya kwanza nilipiga picha namba za pembeni, nikawaonyesha, wakahangaika mpaka wakapata nne za bechi yangu na wakaniomba radhi. Bila zile picha ningerudi kule kule kwa chumbani. Kwahiyo piga picha, waambie waandike namba ya bechi kwenye karatasi yako, na pitia stoo kila ukienda kulipa, usione aibu. Na hela ya kirikuu, kale kagari ka kubebea mzigo, ulizia mapema, mimi 25,000 niliambiwa siku ya kupakia wakati mfukoni nina nauli tu.

Sebule imetoka rangi moja ukuta hadi ukuta, jioni mama watoto anakaa chini kabisa na kanga yake kwasababu ya ubaridi. Nawapa nyota nne. Juzi nimetanguliza 50,000 ya tailizi za choo pale pale, namba nimeshazipiga picha.