Kikombe cha asubuhi cha mtoto: kipi ununue Goma, kipi uache dukani

Vinywaji vya asubuhi tumevipanga hapa kwa kigezo kimoja: sukari iliyotiwa kiwandani. Ile iliyomo ndani ya maziwa yenyewe hatukuihesabu kuwa kosa.

Kabla ya kulipa, geuza kopo. Lebo iwe ya Kifaransa au ya Kiingereza, viungo huandikwa kwa uzito, kilicho kingi kikitangulia. Basi kiwanda kikitumia sukari za aina tatu, saccharose, sirop de glucose na dextrose, kila moja hushuka chini ya orodha na kuonekana kidogo. Zijumlishe, na huenda sukari ndiyo inayoongoza. Majina mengine ya kukariri ni fructose, sucre inverti, sirop de malt, miel, na concentré de jus de raisin, ambayo nayo hutiwa ili kuongeza utamu.

Kisha tazama jedwali, mstari wa «dont sucres», yaani sukari. Chukua gramu zilizoandikwa kwa kila 100, zidisha kwa uzito wa kile mtoto atakachokula, gawa kwa 100, halafu gawa kwa 4. Umepata vijiko vya chai. Tangu 2015 Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa, pamoja na ile ya asali na jus, isizidi 10% ya nishati ya siku, na ikiwezekana ibaki chini ya 5%. Kwa mtu mzima hiyo 5% ni karibu gramu 25, vijiko sita. Mtoto mdogo anahitaji pungufu ya hapo.

Nafasi ya kwanza tunaipa maziwa ya unga ya «lait entier», yaani yenye mafuta yake yote. Hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Jedwali litaonyesha sukari gramu 38 hivi kwa 100, na mama anarudisha kopo kwa hofu. Hiyo ni laktozi, sukari ya maziwa. Maziwa yaliyotolewa mafuta, «écrémé», hufika gramu 50 au 52 bila kuongezwa kitu, kwa sababu mafuta yameondoka na vingine vimechukua nafasi yake. Lakini kopo la maziwa yenye mafuta likivuka 45 za glucides (mstari wa wanga na sukari kwa jumla), rudi kwenye viungo: mara nyingi utakuta saccharose au maltodextrine, wanga uliovunjwavunjwa. Hii ya pili ni ya hila kweli. Haihesabiwi kwenye «dont sucres», ila hupandisha sukari ya damu upesi kama sukari ya kawaida. Kwa hiyo soma mistari yote miwili. Maziwa yanayopimwa kwa kijiko kutoka guniani sokoni tumeyaacha nje ya orodha, maana hayana lebo ya kusoma.

Ya pili ni mashanza (maziwa ya mgando) au yaurti «nature», isiyotiwa kitu: gramu 4 hadi 5 kwa 100, zote za maziwa. Yaurti ya matunda imeanguka hadi nafasi ya nne. Kikombe cha gramu 125 chenye sukari 13 kwa 100 kina gramu 16. Ukitoa 6 za maziwa, zinabaki 10, vijiko viwili na nusu. Ni afadhali ununue nature na kuponda ndizi iliyoiva ndani yake.

Ya tatu ni unga wa masoso, yaani wa uji, mradi viungo viwe mahindi, mtama na soya tu. Paketi iliyoandikwa sucre iache. Sukari ni rahisi kuitia mwenyewe, nusu kijiko.

Jus ya «100%» ni ya tano: haikuongezwa kitu, lakini kila mililita 100 ina karibu gramu 10. «Nectar» ni ya sita, kwani neno hilo lenyewe linaruhusu maji na sukari.

Kakao ya makopo ya watoto ni ya saba: sukari hufika nusu ya kopo, mara nyingine robo tatu. Inauma, kwa kuwa kakao inalimwa Beni, mkoa wetu huu huu. Ukipata unga wa kakao tupu, kijiko kimoja na sukari nusu kijiko katika maziwa ya moto vinatosha.

Ya mwisho ni maziwa mazito ya kopo, «lait concentré sucré»: zaidi ya nusu ya uzito wake ni sukari. Mtoto mchanga asipewe kabisa, hata yakizimuliwa kwa maji.

Unga wa jus wa vipakiti tumekataa kuupa nafasi. Mara nyingi utamu wake hutoka kwenye vitamu bandia, vinavyoandikwa E950, E951, E952, E954 au E955, kwa hiyo «sans sucres» (bila sukari) inaweza kuwa kweli na mtoto akazidi kuzoea utamu. E951 ni aspartame, yenye fenilalanini ndani yake. Mtoto mwenye fenilketonuria, ugonjwa wa kuzaliwa ambao mwili hauwezi kuvunja fenilalanini, hapaswi kuigusa, na ndiyo sababu lebo huandika «contient une source de phénylalanine».