Hilux ya 3L na mzigo wa viazi: kwa nini sijaiuza

Mimi ni mama wa viazi. Huu ni mwaka wa kumi na tano nachukua mzigo Kikondo na Isyonje huku kwetu Mbeya, nashusha Uyole, na soko likiwa zuri nafika nao hadi Mwanjelwa. Miaka yote hiyo gari ni moja: Toyota Hilux ya 1996, foo-wili, injini ya dizeli iitwayo 3L (hilo ni jina tu, si lita tatu), ukubwa wake lita 2.8.

Machi mwaka huu ilichemsha kwenye mwinuko wa Isyonje, nikiwa na gunia kumi na mvua inanyesha. Kesho yake fundi alifungua mfuniko wa rejeta injini ikiwa imepoa, akapiga stati, mapovu yakaanza kupanda na hayakukoma. Akachomoa kijiti cha oili, kikatoka na rangi ya chai ya maziwa, yaani maji yameingia kwenye oili. Hedi, kile kichwa cha injini, ilipofunguliwa tukaona ufa katikati ya valvu za silinda ya tatu.

Wanangu wakasema, "Mama, hiyo uza." Dalali naye akaja na milioni saba, niiuze ilivyo. Hesabu ya fundi ilikuwa milioni mbili na laki moja: hedi mpya, gasketi, taimingi belti, thamostati, kusafisha rejeta na kazi yake. Sikulala siku mbili.

Kilichonipa jibu si injini. Nilimwomba fundi aipandishe gari juu ya magogo, nikaingia chini mwenyewe na nyundo na bisibisi. Nikagonga chesisi kuanzia mbele hadi nyuma, hasa pale springi za nyuma zinaposhikwa na pale sanduku la usukani linapofungwa, maana hapo ndipo mzigo na mashimo ya barabara humalizia hasira zao. Chuma kililia vizuri kote. Bisibisi haikuzama popote. Gari hili limeishi nyanda za juu, mbali na chumvi ya bahari. Wiki hiyo hiyo nilikwenda kuangalia pikapu nyingine iliyotoka pwani, bodi inang'aa kwa rangi mpya, lakini chini kutu ilibanduka kama gome la mti. Injini iliyokufa unanunua nyingine ya mtumba, unafunga, unaondoka. Chesisi ikioza utachomelea leo hapa, kesho itakatika pembeni ya pale ulipochomelea.

Pili, tulikuwa tumepima kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda, kabla ya kufungua. Silinda nyingine zilikuwa karibu sawa, ile ya tatu peke yake ndiyo iliyoshuka. Maana yake ringi za pistoni bado zina uhai na ugonjwa uko juu, kwenye hedi. Kama zote nne zingekuwa zimeshuka, na moshi wa bluu unatoka, ningempigia dalali jioni ile ile.

Sasa chanzo. Miaka kadhaa nyuma gereji moja ya barabarani iliniondolea thamostati, kile kifaa kinachozuia maji yasizunguke kwenye rejeta hadi injini ipate joto, wakasema gari litakuwa linapoa. Wenye magari wa Mbeya, msikubali jambo hili. Huku kwetu asubuhi ya Juni na Julai ni baridi kali, na dizeli isiyopata joto lake inakula mafuta na kulika ndani. Mimi nami nilichangia: nilijaza maji ya kijito kila nilipoona yamepungua, mwaka hadi mwaka. Rejeta ilipokatwa juu, nusu ya njia zake zilikuwa zimezibwa na tope na magamba. Hicho ndicho kilichopasua hedi yangu. Sasa naweka maji maalumu ya rejeta, na dumu lake linakaa nyuma ya kiti.

Nilifikiria pia Hilux za miaka ya karibuni, zile za sindano za kompyuta. Zina nguvu, hilo nakiri. Lakini nozeli zake hazipendi dizeli chafu, na ikizima Kikondo unahitaji mtu mwenye mashine ya kusoma hitilafu. Pampu ya 3L ni ya chuma tupu. Nimewahi kusaidiwa na kijana mwenye spana mbili tu, akatoa hewa kwenye njia ya dizeli, tukaondoka.

Ubaya wake nausema pia. Haina haraka: kwenye vilima malori ya Tunduma yananipita. Ukipanda kuelekea Kitulo moshi unakuwa mweusi, kwa sababu hewa inapungua na pampu inamwaga dizeli ile ile. Gia ya pili inasaga asubuhi. Taimingi belti lazima ibadilishwe kila kilomita 100,000, kwa kuwa ikikatika valvu zinagonga pistoni. Na mwenye kupakia lumbesa kumi na nne, yale magunia yaliyojazwa kupita kipimo, asiichukue kabisa, ataivunja mgongo.

Kwa mwenye mzigo wa tani moja, barabara za udongo na fundi anayemwamini, naipa alama nne kati ya tano. Siku bisibisi itakapozama kwenye chesisi nitaiuza kwa spea. Jumamosi iliyopita nilishuka na kupanda Isyonje mara mbili, gunia kumi kila safari, na mshale wa joto haukupita nusu.