Bidhaa za kuzuia maji kwenye basementi (chumba cha chini ya ardhi): zipi za nje, zipi za ndani, na zipi zinauzwa kupita uwezo wake

Kabla ya kununua chochote, kata kipande cha nailoni nzito cha sentimita 45 kwa 45, kibandike kwenye ukuta wenye unyevu na uzibe kingo zote nne kwa utepe wa gundi. Kiache siku moja hadi mbili. Matone yakitokea upande unaotazama chumba, ukuta unatoa jasho kwa sababu hewa yenye mvuke inagusa ukuta wa baridi. Hapo kinachohitajika ni kupitisha hewa au mashine ya kukausha hewa, na hakuna ndoo ya dawa ya dukani itakayosaidia. Matone yakiwa nyuma ya nailoni, maji yanapita ukutani, na bidhaa tunazozipima hapa ndizo zinazohusika.

Maji yakisimama nyuma ya ukuta kwa kina cha mita 1, pale chini yanasukuma kwa nguvu ya karibu tani 1 kwa kila mita ya mraba. Kinachopakwa nje kinagandamizwa na nguvu hiyo kwenye ukuta. Kinachopakwa ndani kinasukumwa ili kibanduke. Bidhaa nyingi zinazolaumiwa kuwa mbovu zilipakwa tu upande usio wao.

Rangi za kuzuia maji za upande wa ndani, kama Drylok, tunazipa alama ndogo kama suluhisho la pekee. Zinafaa kwa unyevu mwepesi kwenye ukuta wa zege au bloku ambao haujawahi kupakwa rangi nyingine. Zinataka mikono miwili, yaani tabaka mbili, iliyoshiba, ikisuguliwa kwa brashi ngumu ili iingie kwenye vitundu. Rola peke yake huruka juu ya vitundu hivyo na kuviacha wazi. Chumvi nyeupe iliyotoka ukutani lazima iondolewe yote kwa brashi ya waya na kuoshwa, maana rangi ikikaa juu ya chumvi itavimba malengelenge na kubanduka vipande vipande. Maji yanapotiririka au kusimama nyuma ya ukuta, rangi hii inachelewesha tu.

Uji wa saruji wa kuzuia maji, yaani unga wa saruji wenye mchanga laini na polima (gundi ya plastiki), ni imara zaidi kwa ndani kwa sababu unashikana na zege na kuwa kitu kimoja nalo. Lowesha ukuta mpaka uwe umekunywa maji ya kutosha, lakini uso usiwe unang'aa maji. Paka mkono wa kwanza kwa mlalo, na wa pili kwa wima ukishashika wa kwanza. Kila mkono unakula kilo 1.5 hadi 2 za unga kwa mita ya mraba. Kosa linalojirudia ni kupaka juu ya ukuta mkavu: ukuta unafyonza maji ya mchanganyiko, saruji haiivi, na baada ya wiki chache ukiukwaruza kwa kucha unatoa vumbi. Udhaifu wa aina iliyo ngumu ni kwamba ukuta ukipasuka, nayo inapasuka hapohapo.

Unga wa fuwele, ambao Xypex ndiyo inayojulikana zaidi, unasifiwa sana na kwa zege unastahili sifa hizo. Kemikali zake zinaingia ndani ya zege pamoja na maji na kuotesha fuwele kwenye vinyweleo vyake. Hata nyufa nyembamba zisizosogea, hadi milimita 0.4, hujiziba. Kiasi cha kawaida ni kilo 0.8 kwa mita ya mraba kwa kila mkono, ukichanganya vipimo 5 vya unga kwa 2 vya maji. Unyunyizie maji mepesi mara tatu kwa siku, siku mbili au tatu, la sivyo fuwele hazioti. Lakini usinunue kwa ajili ya ukuta wa tofali za kuchoma au mawe: dawa hii inahitaji saruji ya kufanya nayo kazi, na huko inaipata kwenye viungo tu. Juu ya rangi au lipu ya zamani pia haina faida. Lazima zege liwe tupu.

Kwa ufa unaovuja sasa hivi, saruji ya kukauka haraka ni bidhaa ndogo tunayoiamini kuliko zote. Inashika kwa dakika 3 hadi 5, hivyo changanya kiasi cha kujaa kiganja tu. Chimba ufa kwa tindo au grainda kwa upana na kina cha sentimita 2, na ndani pawe pana kuliko mdomoni. Ukichimba umbo la V, maji yatasukuma kizibo chote nje kama kizibo cha chupa. Subiri donge lianze kupata joto mkononi, ndipo ulisindike na kulishikilia kwa nguvu mpaka ligande. Ufa unaopanuka na kusinyaa kulingana na majira usiuzibe hivyo. Huo unataka kudungwa poliurethani, plastiki ya majimaji inayovimba ikikutana na maji na kubaki yenye kunepa. Epoksi, gundi inayoganda ngumu, ni ya ufa mkavu ambao unataka kuurudishia nguvu.

Sasa upande wa nje, ambako ndiko fedha inakofanya kazi kweli. Ukuta uchimbuliwe mpaka kwenye kitako cha msingi, yaani zege pana ambalo ukuta umesimama juu yake, lakini kamwe usichimbe chini ya kitako. Mtaro unaozidi mita 1.5 uwekewe mihimili ya kuzuia kingo zisiporomoke. Udongo unaua kabla mtu hajapiga kelele. Osha ukuta, ziba mashimo, na pale ukuta unapokutana na kitako tengeneza mkunjo wa saruji na mchanga wenye mviringo wa sentimita 4 hadi 5. Kona kali ya nyuzi 90 ndiyo inayopasua karibu kila mpako.

Lami nzito ya maji yenye polima ndiyo tunayoipendekeza kwa nyumba nyingi. Kiwango cha Kijerumani DIN 18533 kinataka unene mkavu wa angalau milimita 3 kwa unyevu wa udongo na milimita 4 kwa maji yanayosukuma. Kumbuka mpako huu unasinyaa ukikauka: tabaka bichi la milimita 4 linabaki karibu 3. Tumia mwiko, mikono miwili, na wavu wa nyuzi katikati kwenye kona. Fundi mwangalifu hupaka pia kipande cha bloku na kukiacha ndani ya mtaro uleule. Siku ya kufukia anakikata kwa kisu na kuona kama lami imekauka hadi ndani na ina unene gani. Lami nyembamba ya kupaka kama rangi, ile nyeusi ya mkono mmoja, inazuia unyevu tu. Karatasi za lami zenye gundi zina unene sawa kila mahali, milimita 1.5 kwa kawaida, ila zinataka praima (mpako wa kwanza wa kushikiza), ukuta mkavu na laini, na mapishano ya sentimita 7 hadi 10 yaliyokandamizwa kwa rola.

Karatasi ya plastiki ngumu yenye vinundu inakosewa kuliko bidhaa nyingine yoyote. Kazi yake ni kulinda mpako na kuacha njia ya maji kushuka. Yenyewe haichukui nafasi ya lami. Na ile ya kawaida ikielekezwa vinundu vyake kwenye lami laini, uzito wa udongo utavichomeka ndani ya mpako. Juu ya lami weka ile yenye kitambaa cha kuchuja, upande bapa ukutani, vinundu na kitambaa vikitazama udongo.

Chini weka bomba lenye matundu la milimita 100. Bomba gumu ni bora kuliko la mikunjo, kwa sababu linashika mteremko wake na linaweza kuzibuliwa kwa waya. Matundu yaangalie chini, mteremko sentimita 1 kwa kila mita, na bomba liwe chini ya uso wa sakafu ya ndani. Lizungushie kokoto zilizooshwa, kisha kitambaa kizungushwe nje ya kokoto. Kitambaa kikivishwa bomba lenyewe kwenye udongo wa mfinyanzi, huziba mapema. Weka vifuniko vya kuzibulia kwenye kona. Juu kabisa, uso wa ardhi ushuke sentimita 15 ndani ya mita 3 za kwanza. Mvua ya milimita 20 kwenye paa la mita za mraba 100 ni lita 2,000; gata zikimwaga kiasi hicho kando ya msingi, hakuna mpako utakaopumzika.

Pale kuchimba nje hakuwezekani, mfereji wa ndani na pampu ndilo chaguo la kweli. Sakafu inakatwa sentimita 30 kando ya ukuta, bomba linalazwa kwenye kokoto juu ya usawa wa chini wa kitako, na maji yanaelekezwa kwenye shimo la pampu la upana wa sentimita 45 na kina cha 60 hivi. Ukuta unaendelea kulowa, hilo likubalike tangu mwanzo. Pampu iwe na vali ya kuzuia maji kurudi, tundu la milimita 3 kwenye bomba chini ya vali ili hewa isiikwamishe, na pampu ya pili yenye betri, maana umeme hukatika hasa wakati wa dhoruba. Kila miezi mitatu mwaga ndoo moja ya maji shimoni uone boya linaloiwasha pampu linapanda na pampu inawaka. Boya lililokwama ukutani mwa shimo ndilo chanzo cha kwanza cha kuangalia pampu isiyo na hitilafu inapokataa kuwaka.