Mwaka na nusu wa kuazima vitabu vya watoto: tathmini ya mzazi

Kwa mwaka mmoja na nusu sasa nimekuwa nikiazima vitabu vya watoto katika maktaba ya umma ya mji wetu wa pwani, kwa ajili ya binti yangu wa miaka minane na mdogo wake wa miaka mitano. Kila kitabu kilichoingia nyumbani nimekiandikia mistari michache kwenye daftari: kimesomwa mara ngapi, nani alikiomba tena, na wapi tulikwama. Daftari hilo limefikia vitabu sabini na kidogo, na ndilo linalonipa ujasiri wa kuandika tathmini hii. Kwa ufupi, huduma inafaa, na mzazi anayeweza kufika maktaba asisite kumwandikisha mtoto wake. Lakini kuchagua kitabu ni kazi ya mzazi mwenyewe, na anayechukua kitabu kwa uzuri wa jalada ajiandae kukirudisha kikiwa hakijasomwa.

Kujiandikisha hakuna usumbufu. Utajaza fomu, utatoa picha mbili ndogo na sahihi ya mdhamini, kisha utalipa ada ya mwaka ambayo kwa mtoto ni ndogo kuliko bei ya kitabu kimoja kipya cha hadithi dukani. Kadi moja inaruhusu vitabu viwili kwa wiki mbili, kwa hiyo watoto wawili wanaondoka na vitabu vinne. Maktaba za mikoa kama yetu ni matunda ya sheria ya mwaka 1963 iliyoanzisha bodi ya huduma za maktaba, na Maktaba Kuu ya Taifa, iliyopo Barabara ya Bibi Titi Mohamed jijini Dar es Salaam, ilifunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967. Naikumbusha historia hii kwa sababu wazazi wengi ninaozungumza nao wanaamini maktaba ni mahali pa vijana wanaojiandaa na mitihani. Kwa kweli ukifika Jumamosi asubuhi utaikuta sehemu ya watu wazima imejaa wanafunzi wa kidato cha nne wenye madaftari yao, ilhali kona ya watoto ina viti vifupi vitupu na rafu ambayo hakuna aliyeigusa tangu juzi.

Rafu yenyewe ndiyo kiini cha tathmini yangu. Zaidi ya nusu yake ni vitabu vya Kiingereza vilivyotolewa msaada, vingi vikiwa na majalada magumu na rangi zinazong'aa, vikieleza habari za watoto wanaocheza kwenye theluji na kungoja basi la njano la shule. Sivikatai, kwa kuwa mtoto ana haki ya kujua kwamba dunia ni pana. Hata hivyo, binti yangu, ambaye Kiingereza chake ni cha darasani tu, aliishia kutazama picha na kufunga, na mdogo wake hakufika ukurasa wa tatu. Kimoja tu kati ya hivyo kimepata alama ya juu kabisa katika daftari langu, nacho ni kitabu cha picha za viumbe wa baharini. Maandishi yake tuliyaacha. Baba yao alikaa nao mkekani, akaweka kidole juu ya kila picha na kutaja jina analolijua tangu utoto wake: changu, kolekole, taa, pweza, kasa. Kila alipokosea kwa makusudi, yule mdogo aliruka kwa hasira na kumsahihisha. Tumeshakiazima mara nne.

Vitabu vya Kiswahili ni vichache zaidi na kwa sura ni vinyonge: vyembamba, vya karatasi nyepesi, vimeshikwa kwa pini mbili katikati. Kwa hewa yetu ya chumvi pini hizo hushika kutu mapema, zikaacha doa la kahawia na hatimaye zikaachia kurasa za kati. Mzazi asidanganyike na unyonge huo. Vitabu vilivyoombwa tena mara nyingi zaidi nyumbani kwangu vinatoka katika kundi hilo, na baadhi yake vimetokana na Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ulioanzishwa mwaka 1991 ili kuwajengea uwezo waandishi na wachapishaji wa vitabu vya watoto vya Kiswahili na kuvifikisha shuleni. Katika vitabu vya namna hii bibi anaongea kama bibi, kuku anafukuzwa uani, na mtoto anayetumwa dukani anarudi na chenji pungufu, jambo ambalo binti yangu alilielewa kabla sijamaliza sentensi.

Kipimo ninachokiamini kuliko vingine vyote ni sikio. Kabla ya kupeleka kitabu mezani kugongwa muhuri, nakifungua katikati na kusoma ukurasa mmoja kwa sauti ya chini, kama ninavyosoma nyumbani. Kitabu kilichoandikwa na mtu anayeota kwa Kiswahili kitakubeba. Pumzi inakatika panapostahili, na mtoto anaweza kudakia neno la mwisho kabla hujalitamka. Kitabu kilichotafsiriwa kwa haraka kinajitambulisha mara moja. Utakuta kila sentensi inaanza na neno "yeye", ilhali kitenzi chenyewe kimekwisha kumtaja mtenda. Utakuta wanyama wanaozungumza wamepewa upatanisho wa vitu, au mhusika anasalimiana na babu yake kwa neno la rika lake, bila shikamoo wala marahaba. Mtoto wa miaka mitano hawezi kukueleza kosa liko wapi, lakini anaanza kujinyoosha, anachezea pindo la mkeka, na mwisho anaomba maji. Nimejifunza kuheshimu ombi hilo la maji kuliko sifa zilizochapwa nyuma ya jalada.

Natazama pia ukurasa wa ndani kama kuna ithibati ya Taasisi ya Elimu Tanzania, hasa kwa vitabu vya binti yangu ambavyo vinaweza kumsaidia darasani. Ithibati inanihakikishia kwamba kitabu kimepitiwa na kinaendana na umri wa msomaji. Haiwezi kunihakikishia kwamba kitapendwa, na sidhani kama tunapaswa kuidai hilo.

Sehemu ya huduma iliyoniudhi ni utunzaji wa kumbukumbu. Mwaka jana tulirudisha kitabu cha hadithi za sungura ambacho ukurasa wake wa mwisho haukuwapo tangu siku tuliyokichukua, tukaambiwa kwamba kimeharibikia kwetu na kwamba tulipe. Nililipa, kwa sababu sikuwa na ushahidi. Binti yangu, aliyekuwa amesimama pembeni na kusikia kila kitu, alikataa kwenda maktaba kwa mwezi mzima, na hilo liliniuma kuliko fedha. Tangu hapo tunapekua kurasa zote mbele ya mkutubi kabla ya muhuri, na kasoro tunayoiona inaandikwa kwa penseli kwenye karatasi ya tarehe iliyobandikwa nyuma. Nashauri kila mzazi afanye hivyo. Ninashauri vilevile uongozi wa maktaba uifanye kuwa kanuni, kwa kuwa kitabu cha watoto kinachoazimwa sana lazima kichanike, na kitabu kisichochanika kabisa ni kile ambacho hakuna mtoto aliyekitaka.

Kitabu kimoja cha maktaba kwetu hakisomwi na watoto wawili tu. Jioni, baada ya madrasa, watoto wa jirani hukaa kibarazani petu, na binti yangu huwasomea huku akigeuza kitabu ili wote waone michoro. Anaanza kama bibi yake alivyomfundisha: hadithi, hadithi! Nao wanaitikia: hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea! Hapo ndipo ubora wa kitabu unapojulikana bila upendeleo. Michoro midogo iliyosongamana haionekani kutoka safu ya nyuma; maandishi yaliyochapwa juu ya picha yenye giza humfanya msomaji akwame na wasikilizaji waanze kusukumana. Kitabu chenye mchoro mmoja mkubwa kwa kila ukurasa na mistari mitatu au minne chini yake kimewanyamazisha watoto saba, akiwemo mmoja ambaye mama yake anasema hatulii hata akila.

Vitabu vinapokwisha kabla ya wiki mbili tunategemea African Storybook, mkusanyo wa mtandaoni ulioanzishwa mwaka 2014 na taasisi ya Saide ya Afrika Kusini. Una hadithi katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwamo. Zimepangwa kwa ngazi za usomaji, hazilipiwi, na leseni yake inaruhusu mtu kuzichapa na hata kuzitafsiri. Nimechapa hadithi kadhaa katika duka la stesheneri karibu na soko, nikazishona kwa uzi katikati, na uzi haushiki kutu. Kwenye simu ni tofauti: kioo kinaonwa na mmoja, wengine wanapandana mabegani, na ujumbe ukiingia katikati ya hadithi fisi anasahaulika. Kwa hiyo simu ni msaada wa safarini, na hadithi ya kibarazani inabaki kwenye karatasi.

Vitabu vinne tulivyonavyo wiki hii vinarudi Jumamosi. Viwili havikuombwa tena, kimoja binti yangu amekisoma peke yake hadi mwisho bila kuniita, na cha nne ni kile cha viumbe wa baharini, ambacho mdogo wake amekwisha kukiweka ndani ya mfuko mwenyewe ili kikagongwe muhuri mwingine.