Programu ya kufuatilia jua katika vilima vya Flint Hills, Kansas: uzoefu wangu

Programu ninayoieleza hapa ni ya simu. Ukigusa sehemu yoyote ya ramani na kuchagua tarehe, inakuchorea mistari inayoonyesha jua litachomoza upande gani na litatua upande gani, na kwa kila dakika inakwambia jua litakuwa nyuzi ngapi juu ya upeo wa macho. Programu za namna hii ziko kadhaa na zinafanana sana, kwa hiyo sitaitaja kwa jina. Ninayoyasema yatamfaa anayetumia yoyote kati ya hizo. Nimeitumia kwa misimu yote minne nikipiga picha za mandhari mashariki mwa Kansas, nchini Marekani, hasa katika Kaunti ya Chase, ilipo hifadhi ya Tallgrass Prairie National Preserve.

Asiyepafahamu mahali hapa anahitaji maelezo kidogo. Mbuga za nyasi ndefu zilitanda zamani katika ekari zipatazo milioni 170 za Amerika Kaskazini. Zilizobaki hazifiki asilimia 4, na sehemu kubwa ya hizo iko Flint Hills, kwa kuwa chini ya udongo wake mwembamba kuna mawe ya chokaa yenye gumegume ndani yake, na plau za walowezi zilishindwa kuyalima. Hifadhi yenyewe, iliyoanzishwa mwaka 1996, ina karibu ekari 11,000. Kwa mpiga picha, hii ni nchi isiyo na milima, yenye miti kandokando ya vijito tu, na vilima vyake vimepanda kwa ngazi pana zenye miteremko midogo. Ukipiga picha wakati wa jua la utosi, vilima hivyo vyote vinalala kama mkeka.

Programu hii ndiyo iliyonifanya nielewe sababu, kwa kuwa inanipa namba badala ya kuniambia tu kwamba mwanga wa asubuhi ni mzuri. Chukua kilima chenye mteremko wa nyuzi 10 kila upande. Katikati ya mwezi Juni, jua la Kansas hufika kimo cha nyuzi 75 hivi, na hapo upande unaolielekea jua na upande unaolipa mgongo hupata mwanga unaopishana kwa sehemu moja tu ya kumi. Tofauti hiyo jicho haliioni na kamera haiijali. Jua hilohilo likishuka hadi nyuzi 8, upande wa mgongo unatoka kabisa katika mwanga, na ule unaolielekea jua unapata mwanga zaidi ya mara mbili ya ule unaofika penye tambarare. Kwa maneno mengine, kivuli halisi hakipatikani mpaka jua liwe chini kuliko mteremko wenyewe. Wanaopiga picha za milima mirefu wanaweza kuchelewa kitandani na bado wakakuta vivuli, lakini katika vilima hivi, jua likishapita nyuzi 15 au 20, umbo la ardhi huanza kupotea hata kama rangi bado zinapendeza. Siku hizi naangalia kwanza kimo, kisha saa, na sioni tena haja ya kufuata ile alama ya programu ya kuonyesha saa ya mwanga wa dhahabu, yaani muda mfupi baada ya macheo na kabla ya machweo.

Jambo la pili ni saa yenyewe. Sisi tuliokulia karibu na Ikweta tumezoea jua linalopanda wima: linatumia dakika 40 na kitu tu kutoka upeo wa macho hadi nyuzi 10. Kansas mwezi Desemba, jua hupanda kwa mshazari na kutumia zaidi ya saa nzima kufika kimo hichohicho, na adhuhuri yake huwa kati ya nyuzi 28 na 30 tu, hivi kwamba hata saa sita mchana nguzo ya ua hutupa kivuli kinachokaribia mara mbili ya urefu wake. Mtu angeweza kufanya kazi kutwa. Kuna pia saa za kiangazi, yaani ule utaratibu wa kusogeza saa mbele kwa saa moja: wakati huo jua hufika kileleni yapata saa saba na nusu mchana, si saa sita, na anayetegemea mazoea ya nyumbani atakosea hesabu zake zote za alasiri.

Kipengele cha kuelekeza kamera ya simu angani ili uone njia ya jua imechorwa juu ya mandhari ni kizuri, ila kinategemea dira ya simu, na dira hiyo huyumba ukisimama karibu na gari au uzio wa chuma. Ukisogea hatua kadhaa na kuizungusha simu, mstari hurudi mahali pake. Ramani nazo hazifunguki pasipo mtandao, na ndani ya mabonde ya huko mtandao ni wa kubahatisha. Inafaa kuzipakua ukiwa bado nyumbani. Dosari kubwa zaidi ni kwamba programu hukadiria kana kwamba upeo wa macho ni tambarare kila mahali. Ukiwa bondeni kando ya kijito, kilima cha magharibi kitakufunika mapema kuliko saa ya machweo inayoonyeshwa, na hilo lazima ulikadirie kwa macho yako.

Haijui pia nyasi. Nyasi za big bluestem, zinazoweza kupita urefu wa mtu, hugeuka rangi ya shaba nyekundu vuli inapofika, na ukizipiga picha huku jua likiwa nyuma yake, kila bua linawaka ukingoni huku ardhi iliyo chini ikibaki nyeusi. Kwa picha hiyo mwanga wa ubavuni, ambao ndio ninaoutafuta kwa vilima, haufai kabisa. Vivyo hivyo kwa moshi: wafugaji huchoma nyasi kuukuu majira ya kuchipua, hasa mwezi Aprili, na jua la machweo likipita kwenye moshi huo hutoa vivuli laini visivyo na kingo, hata kama programu imekuahidi mwanga mkali.

Nami nikiri kwamba picha zangu ninazozipenda kuliko zote nilizipiga mchana wa Juni, saa ambazo programu huzipaka rangi ya kijivu. Mawingu mazito yaliyotengana yalikuwa yakipita, na vivuli vyake vikitembea juu ya vilima vilifanya kazi yote ambayo jua la chini hufanya: kilima kimoja gizani, kingine nyuma yake kwenye mwanga, cha tatu gizani tena. Hapo kinachohitajika ni kusimama na kungoja, na hesabu za nyuzi hazina msaada.

Malipo ni ya mwaka, na hujirudia yenyewe bila onyo. Fedha zilikatwa kabla sijajua muda umekwisha, na barua pepe yangu kwa wahusika ilijibiwa kwa maneno ya jumla tu. Anayepiga picha mahali pamoja karibu na kwake anaweza kutosheka na majedwali ya bure ya kimo na mwelekeo wa jua yanayotolewa na U.S. Naval Observatory, kituo cha serikali ya Marekani cha kuchunguza anga. Kwangu mimi, ninayeendesha gari mwendo mrefu kabla ya alfajiri kufika kilima ambacho sijawahi kukiona, inastahili nyota 4 kati ya 5. Nimeendelea nayo, ila nimezima malipo ya kujirudia.