Maski ya udongo mweupe na mafuta ya jojoba kwa vidoti vyeusi vya puani: uzoefu wangu

Niseme mapema kwa asiye na muda wa kusoma yote: hii maski ya kaolini, ule udongo mweupe, ni nzuri sana kwa pua yenye mafuta ila haing'oi vidoti vyeusi kama kopo lake linavyojinadi, ukiinunua kwa matumaini hayo utaishia kuitukana bure.

Kwanza tuelewane, ule weusi sio uchafu. Ni mafuta ya ngozi yamechanganyika na seli zilizokufa yakaziba kitundu, sasa kwa kuwa kwa juu kiko wazi yanakutana na hewa yanageuka meusi, na melanini, yaani rangi yenyewe ya ngozi, nayo imo humo humo. Ndo maana unaweza kusugua pua na sabuni mpaka ing'ae kama sufuria la sherehe na vidoti bado vipo tu vinakuangalia.

Mi naanza na matone mawili matatu ya jojoba, nasugua taratibu kwa ncha za vidole, bila kucha. Jojoba kiukweli ni nta iliyo katika hali ya kimiminika, inafanana fanana na mafuta ya ngozi yetu so inalainisha yale yaliyogandia. Mafuta ya nazi usiyalete hapa, mwilini sawa ila usoni yanaziba wengi. Nikishanawa ndo napaka udongo, nimeukoroga na maji tu mpaka uwe uji mzito, puani na kidevuni basi, mashavu yangu ni makavu nayaacha yapumzike. Na siri iko kwenye kutoa: usisubiri ikauke mpaka ipasuke na uso ukaze ushindwe hata kucheka, ukiona pembeni imeanza kupauka na katikati bado mbichi, nawa na maji ya uvuguvugu. Mara moja kwa wiki inatosha.

Matokeo sasa. Ule mng'ao wa mafuta mchana umepungua kabisa, na vidoti vikubwa vya kwenye mikunjo ya pua vimefifia, vingine vimeondoka vyenyewe bila kukamuliwa. Vile vidogo vya kijivu vilivyojipanga pua nzima viko palepale, lakini hivyo wala sio chunusi jamani, ni njia za mafuta za kawaida, kila mtu anavyo, ukivikamua leo ndani ya mwezi vimejaa tena. Aliyegandiwa kweli kweli atafute asidi ya salisiliki ya asilimia 0.5 mpaka 2, hiyo inayeyuka kwenye mafuta inazama mpaka ndani ya kitundu, wakati udongo unanyonya ya juu juu tu. Ila usitumie hiyo asidi na udongo siku moja, ngozi itakauka ichubuke.

Kilichoniudhi ni maelekezo ya kwenye kopo, eti uchanganye na maji ya limao "kwa matokeo ya haraka". Limao lina pH (kipimo cha asidi, namba ikiwa ndogo asidi ni kali zaidi) kama 2, ngozi inataka kama 5, halafu utoke nayo juani? Utabaki na madoa ambayo yatakaa kuliko hivyo vidoti. Asilia sio lazima iwe pole, pilipili nayo ni asilia.

Naipa 7 kwa 10. Mbili nimezikata kwa hilo limao, na moja kwa mfuniko usiofunga vizuri, unga unavuta unyevu unakuwa mabonge mabonge, hamishia kwenye chupa yako mapema.