Filamu zilirudi na mikwaruzo: uzoefu wangu na studio moja ya Dar, na namna ya kuyasema haya bila kupelekwa mahakamani

Nyota mbili kati ya tano. Moja ni ya kijana wa mapokezi, ambaye hakunijibu vibaya hata mara moja nilipokuwa nimemsimamia pale kaunta nikiuliza kazi yangu iko wapi. Ya pili ni ya skani, yaani nakala za picha za kufungulia kwenye simu, walizorudia bila kunitoza. Kazi yenyewe ya kusafisha filamu, ile mikanda ya kamera za zamani, haina nyota yoyote hapo.

Studio sitaitaja. Wanaosafisha filamu za rangi Dar es Salaam wamebaki wachache kiasi kwamba nikitaja mtaa tu, au rangi ya bango la mlangoni, kila anayepiga picha za filamu mjini atakuwa ameshajua. Na kuficha jina peke yake si kinga kisheria: ikiwa wasomaji wanaweza kumtambua anayesemwa, basi ametajwa. Mwenye shida ya kujua anitafute na negativu zake mkononi, yaani filamu zake zilizokwisha kusafishwa, tulinganishe.

Nilipeleka mikanda miwili ya filamu ya rangi, Kodak Gold 200, picha za sendofu ya mdogo wangu kule Kigamboni. Mmoja niliupiga kwa Canon AE-1 yangu, wa pili kwa Pentax K1000 ya mjomba. Hilo la kamera mbili lishikeni, lina kazi mbele. Filamu zenyewe nilimwagiza mtu aliyekuwa anatoka Nairobi, kwa hiyo hata kabla ya kufika studio zilikuwa zimenigharimu bei ya huko, usafiri, na maneno ya kumbembeleza mtu abebe mzigo usiomhusu.

Nikaambiwa siku chache. Siku chache zikawa wiki: mara umeme, mara dawa haijafika, mara fundi ana msiba mkoani. Kuchelewa sikuweki kwenye malalamiko. Huu ni mji wetu, tunajuana.

Kilichonikera ni kilichorudi. Skani zilikuwa zimepauka, zimelala, nyuso za watu zina ukijani kama wana homa, na mstari mwembamba umekata kila picha kutoka upande mmoja hadi mwingine. Negativu nilipewa zimekunjwa kwenye bahasha ya kaki, hazijakatwa, zina alama za vidole zilizokwisha kukauka. Fundi akaniambia kwa utulivu kabisa: "Dada, kamera yako ndiyo inakwaruza. Halafu hizi umepigia gizani."

Hapa ndipo wengi wetu hunyamaza, kwa sababu fundi ni fundi. Lakini negativu huwa na ushahidi wake, na hauhitaji utaalamu mkubwa kuusoma.

Tazama pembeni mwa negativu, karibu na yale matundu ya ukingoni. Kiwandani filamu huandikwa kwa mwanga jina lake na namba za fremu, na maandishi hayo huonekana pale tu filamu inaposafishwa. Kamera yako haihusiki nayo kabisa. Sasa, kama picha ni hafifu lakini maandishi ya pembeni yamekolea, kosa ni la mpiga picha: mwanga haukutosha. Kama picha ni hafifu na maandishi nayo ni hafifu, dawa haikufanya kazi yake, iwe imechoka, imepoa, au muda umekatwa. Na filamu ikitoka tupu kabisa, bila picha hata moja, huku maandishi yamesimama vizuri, mara nyingi ni kwamba mkanda haukusogea ndani ya kamera. Hapo usiende kugombana na mtu.

Yangu maandishi yalikuwa ya kutafuta. Niliweka juu ya kioo cha simu chenye mwanga mweupe, kando yake nikaweka negativu ya zamani ya filamu hiyohiyo niliyowahi kusafishiwa kwingine. Ya zamani jina la Kodak linasomeka ukiwa umesimama. Hizi mpya mpaka uinamishe kichwa.

Mstari nao ulijieleza wenyewe. Ulikuwa kwenye mikanda yote miwili, umbali uleule kutoka ukingoni, tangu fremu ya kwanza hadi mwisho. Kamera mbili za kampuni mbili tofauti, moja ya kwangu na nyingine ya mzee anayeifuta kwa flana kila Jumapili, zikwaruze mahali pamoja? Kitu pekee ambacho mikanda yote miwili ilipitia ni mashine ya pale studio. Niliyasema haya pale kaunta, nikionyesha. Fundi akaziangalia, akasema atamwuliza bosi.

Mimi maoni yangu, na nasisitiza ni maoni, ni kwamba shida iko kwenye wingi wa wateja, au tuseme uchache wao. Filamu ya rangi husafishwa kwa mtindo uitwao C-41: dawa ya kwanza inatakiwa iwe nyuzi joto 37.8, na filamu ikae humo dakika 3 na sekunde 15. Hayo si mambo ya kukisia. Mashine zile zilitengenezwa enzi za foleni, ambapo dawa mpya iliongezwa kidogo kidogo kadiri mikanda ilivyopita, kutwa nzima. Dawa ikikaa bila kazi inazeeka humohumo kwenye tangi. Kodak wenyewe waliomba kinga ya mufilisi Januari 2012; sembuse mwenye mashine moja anayepata mikanda ya kuhesabu kwa mwezi. Namwelewa. Ila bei aliyonitoza ilikuwa kamili.

Sasa hili la pili, ambalo ndilo lililonifanya niandike kirefu. Rafiki yangu mmoja alipata matokeo kama yangu hapohapo. Yeye akaingia kwenye kundi la WhatsApp la wapiga picha akamwaga: "Matapeli hawa, wanajaza maji ya chumvi kwenye dawa, na picha zenu wanaziuza." Jioni ileile mwenye studio akamtumia ujumbe kwamba amechafuliwa jina na wakili wake ataandika barua. Rafiki akanipigia kwa sauti ya mtu aliyeona nyoka chooni.

Nina binamu wakili, nikamweka kwenye spika tukamsikiliza. Alichotueleza, kwa ufupi wangu, ni hiki. Kwenye kesi ya madai ya kashfa, ukweli ni utetezi, lakini anayesema "ni kweli" ndiye anayebeba mzigo wa kuuthibitisha. Maoni ya haki nayo ni utetezi, mradi yamesimama juu ya mambo ya kweli na hayakutolewa kwa chuki. Kisha kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 16: kuchapisha mtandaoni taarifa unayojua kuwa ni ya uongo au ya kupotosha, kwa nia ya kukashifu, kutukana au kuwadanganya watu, ni jinai, na adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Hapo upande wa mashtaka ndio wenye kazi ya kuonyesha kwamba ulijua ni uongo. Kundi la WhatsApp nalo ni mahali pa kuchapisha, na aliyefowadi naye kachapisha. Hilo la mwisho lilituliza kundi zima.

Tukauchambua ujumbe wa rafiki neno kwa neno. "Matapeli" ni kudai nia: kwamba walikusudia kumlaghai. Nia utaithibitishaje? "Maji ya chumvi" ni jambo la kupimika, ila yeye hakupima. "Wanaziuza" ni kumtuhumu mtu kosa bila hata fununu. Na katika hasira zote hizo, kitu pekee alichokuwa na ushahidi nacho, mikwaruzo, hakukiandika kabisa! Alifuta, akaandika maelezo mafupi ya kurekebisha, na barua ya wakili haijafika mpaka leo.

Mimi niliacha maoni yangu kwenye ukurasa wa studio yenyewe, palepale wanapopokea nyota. Yalisomeka hivi: "Nilileta mikanda miwili ya Kodak Gold 200 niliyopiga kwa kamera mbili tofauti. Yote ilirudi na mkwaruzo mahali pamoja, na maandishi ya pembeni ni hafifu kuliko ya filamu kama hiyo niliyosafishiwa kwingine. Picha za negativu nimeambatisha. Niliambiwa tatizo ni kamera. Sikubaliani, kwa sababu hizo. Kwa bei niliyolipa, huduma hii haikuniridhisha." Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, ninayo, na ujumbe wote wa simu nimeuhifadhi. Wanaodharau kudai risiti huwa wanafikiria TRA, watu wa kodi, tu. Mimi risiti hiyo ndiyo inayonitambulisha kama mteja na si mtu aliyetumwa na mshindani.

Mwenye studio alinipigia. Hakuwa mkali, tofauti na nilivyotarajia. "Dada yangu, ungeniita tukaongea kabla ya kuniweka hadharani." Nikamjibu, "Kaka, nilikuja dukani kwako, fundi wako akaahidi kukuuliza." Kimya kidogo. Akasema ataskani upya na kunirudishia fedha za kusafisha, lakini kwanza nifute. Nikakataa sharti. Fedha ni kwa sababu ya kazi iliyoharibika, hazinunui maneno yangu. Akirejesha, nitaongeza hapohapo kwamba amerejesha, tena kwa furaha. Nikamtajia pia Tume ya Ushindani, ambayo malalamiko ya walaji ni sehemu ya kazi zake. Sikulisema kama tishio, ingawa huenda alilisikia hivyo.

Skani mpya zilikuja, na ni nzuri kuliko za mwanzo; rangi za ngozi zimerudi. Mkwaruzo uko palepale, na huo hauondoki maana umo kwenye filamu yenyewe. Fedha bado. Nimeshaongeza mstari kwenye maoni yangu kuhusu skani, kwa sababu kuacha jambo jema alilolifanya nako ni kupotosha.

Je, ningemshauri mtu apeleke pale? Filamu ya majaribio, ndiyo. Ya harusi au ya mtu aliyefariki, hapana. Uliza lini mara ya mwisho wamebadilisha dawa, omba kuona negativu waliyosafisha wiki hiyo, na usiondoke kaunta kabla ya kuzinyanyua zako kwenye mwanga. Mimi za rangi kwa sasa nampa mtu anayekwenda Nairobi. Za nyeusi na nyeupe nasafisha mwenyewe jikoni, na shida yangu huko ni nyingine kabisa: maelekezo mengi yanataka nyuzi 20, na maji ya bomba ya Dar hayajawahi kusikia habari hiyo, kwa hiyo barafu ya juisi ya watoto inaisha kwenye beseni langu.